Sanda ya Lanto

Sandrandahy, 17 Februari 2019

Mwanangu Haingo,

Barua hii nampa Naivo, dereva wa basi la Jumapili, maana posta ya hapa hufunguliwa ikijisikia. Mvua imetuchosha. Barabara ya Fandriana imekatika mara mbili mwezi huu, na goti langu la kushoto linaijua mvua kuliko redio. Nguruwe wetu mweusi alizaa saba, wamebaki wanne. Kwa hayo mengine tunapumua. Mumeo Fidy bado anaendesha ile teksi? Na Mirana amefikisha miaka minne, au nakosea hesabu? Mfinye mashavu kwa niaba yangu.

Sasa nina shida. Unaijua kanuni ya karakana hii, hata kama uliikimbia. Mtu akija kutaka sanda ya kumvika mfu wake siku kaburi litakapofunguliwa, hatugusi uzi mpaka yule aliyekuwa karibu zaidi na marehemu akae chini atuambie alikuwa mtu gani. Tukishasikia ndipo tunatanda hariri kwenye kitanda cha kufumia. Ndivyo alivyotuachia bibi yako, na mimi sitaibadilisha nikiwa na miaka sabini na mmoja.

Tangu mama yako atutoke, mwaka wa tano huu, hakuna wa kuwapokea hao watu. Wafumaji wangu wanajua kazi ya mikono, mdomo ndio balaa. Juzi alikuja mzee kutoka Ambositra, mkewe hana hata siku tatu tangu afariki. Tahiry, mfumaji wangu mmoja, hakumpa hata kigoda. Akamwuliza, "Mnene au mwembamba?" Mzee akasema, "Nani?" Tahiry akajibu, "Marehemu. Nataka kujua upana." Mzee akaanza kulia palepale mlangoni. Mbola, mtu mzima wa miaka hamsini, badala ya kuokoa jahazi akasema, "Usilie baba, akiwa mnene tunaongeza kidogo tu."

Nilitamani kuingia chini ya mkeka. Nasikia huko Antananarivo unalipwa kuwafundisha watu kusikiliza. Basi niandikie hayo masomo, nitawasomea hapa. Simu sina, niliiuza zamani, kwa hiyo usiniambie mambo ya kupigiana.

Mama yako mkubwa,
Ravololona


Antananarivo, 10 Machi 2019

Mama Mkubwa,

Nimecheka kwa habari ya Mbola hadi Fidy akaja kuniuliza kuna nini, kisha nikaona aibu kwa kucheka. Mzee wa watu. Sisi tuko wazima. Fidy anaendesha, ila siku hizi petroli inamla zaidi ya abiria wanavyomlipa. Mirana ana miaka minne na miezi miwili, na anabishana na kila mtu. Naambiwa amemrithi mtu fulani wa Sandrandahy mwenye goti bovu.

Kazi yangu hujawahi kuiona, ngoja nikueleze. Tuko watu mia mbili kwenye ghorofa moja, kila mtu na kidude chake masikioni. Tunapokea simu za watu wa ng'ambo waliokatiwa umeme au intaneti, nao wanatutukana kuanzia asubuhi. Simu zetu wenyewe tunazifungia kabatini tukiingia. Wapya ninapewa mimi niwafundishe. Ninayowaambia ni machache, na nadhani hata hapo yatafaa.

Waambie wampe mtu kigoda kabla ya kumpa swali. Kisha waulize jina la marehemu, na wakishalijua walitumie. Wasiseme "marehemu" kana kwamba ni cheo. Wasiulize habari ya mwili. Waulize alikuwa akifanya nini asubuhi akiamka, maana hilo kila mtu analijua kuhusu mtu wake, na likishatoka mengine hufuata yenyewe. Mgeni akinyamaza, wanyamaze naye, wasikimbilie kukiziba kile kimya. Na akisema jambo zito, walirudie neno lake la mwisho taratibu ili ajue limefika.

Ni hayo tu. Nimefundishwa kazini. Wasalimie wote.

Haingo


Sandrandahy, Pasaka, 21 Aprili 2019

Mwanangu Haingo,

Barua yako ilizunguka na Naivo wiki tatu kwa sababu alikuwa amevunja ekseli. Leo tumetoka kanisani, mchungaji kahubiri mpaka wali ukapoa. Wale nguruwe wanne wanakula kama maaskari. Mjomba wako Rado anakusalimu, ameota jino la dhahabu, hataki kusema kalipata wapi.

Masomo yako nimeyasoma mbele yao mara tatu. Nikwambie yaliyotokea. Alikuja bwana mmoja aliyefiwa na kaka yake, akasema maneno mawili, akanyamaza. Tahiry naye akanyamaza. Wakakaa hivyo, nadhani nusu saa nzima, yeye kamkodolea macho. Bwana akainuka, akaniaga mimi, akasema ameona tuna kazi nyingi. Nilipomkemea, Tahiry akasema, "Si barua ndiyo imesema nisikizibe kimya?" Siku ya pili akaja mama mmoja akasema, "Mume wangu alikufa shambani." Mbola akasema, "Shambani." Yule mama, "Ndiyo, alikuwa anapalilia." Mbola, "Anapalilia." Mama akamwuliza, "Dada, unanicheza shere?"

Lakini sitakudanganya, wanaanza kuweza. Jumatano iliyopita Tahiry alimwuliza kijana mmoja baba yake alikuwa akifanya nini asubuhi. Kijana akasema, "Alikuwa anatutania kwamba jogoo wetu ni mvivu." Akaongea mpaka chai ikaisha. Nilisimama nyuma ya hariri zilizoanikwa, nikashindwa kutoka.

Maana Haingo, unasema umefundishwa kazini. Kazini kwako wapi? Hayo ni ya Lanto. Kigoda kwanza, jina, habari ya asubuhi. Mama yako alikuwa akikaa palepale alipokaa Tahiry, na wewe ukiwa miguuni pake unachambua vifukofuko vya hariri. Watu wa ng'ambo wanapokea mafunzo ya Lanto wa Sandrandahy na hawajui.

Mwezi wa nane tunafungua kaburi la ukoo. Mpiga ramli ametoa siku, Alhamisi tarehe 22. Tutawatoa wafu wetu, tutawavika sanda mpya, tutacheza nao, kisha litafungwa miaka saba. Sanda ya babu yako imekamilika, Rado alikuja akatusimulia. Ya shangazi yetu iko nusu. Ya mama yako hatujaitanda. Unajua ni nani anayetakiwa kusema.

Ravololona


Antananarivo, 2 Juni 2019

Mama Mkubwa,

Samahani kwa kuchelewa. Mirana aliugua tetekuwanga, kisha akaniambukiza wasiwasi tu, mimi sikuugua. Baridi imeanza. Fidy ameuza redio ya teksi, sasa anaimba mwenyewe, abiria wanalalamika.

Nimefikiria jambo moja la kuwaongezea wafumaji. Wakishasikiliza, wasiiache habari ile ipotee. Siku familia inapokuja kuchukua sanda, yule aliyeifuma aiweke magotini mwao na awasimulie mtu wao, kwa maneno yake mwenyewe, mafupi. Aanze na lile la asubuhi. Asitie chumvi, asimfanye marehemu malaika. Kama alikuwa mkali, aseme alikuwa mkali. Watu hawataki kusifiwa mfu wao, wanataka kujua kama mwingine pia amemwona. Mwambie Mbola asirudie kila neno, achague moja. Na Tahiry aruhusiwe kupumua na kupepesa macho katikati ya kimya.

Kazini wamenipandisha, sasa nasimamia wakufunzi wanne. Wasalimie wote, na Mjomba Rado na jino lake.

Haingo


Sandrandahy, 16 Juni 2019

Haingo,

Tuko wazima. Nguruwe wako wazima.

Lile la kusimulia tumelifanya. Mzee wa Ambositra alikuja kuchukua sanda ya mkewe. Tahiry akaipakata, akamwambia: "Huyu ni Honorine. Akiamka alikuwa anafagia uwanja kabla ya kuongea na mtu yeyote. Ukimsalimia kabla hajamaliza, anakununia mpaka mchana." Mzee akasema, "Mpaka jioni." Akacheka, akalia, akacheka. Alimshika Tahiry mkono kwa muda mrefu. Sote tulikuwa tumeacha kazi.

Nimefurahi kwa cheo chako. Kurasa mbili umeniandikia, mama yako humo hayumo.

Hariri yake ninayo. Ni ya msituni, ya viwavi wanaoishi kwenye miti ya tapia, niliichambua mwenyewe. Kuifuma tunahitaji wiki nne, tukikimbia tatu. Wafumaji wananiuliza kila asubuhi, "Bado?" Nawaambia bado. Siwezi kukuvuta ulimi ukiwa huko.

Ravololona


Antananarivo, 14 Julai 2019

Mama Mkubwa,

Nimeianza barua hii mara nne. Ninawafundisha watu kila siku namna ya kumfungua mtu aseme, na mimi mwenyewe nimeshindwa. Basi naandika bila kupanga.

Asubuhi Mama akiamka alikuwa anaunguza wali. Mlidhani amesahau moto. Alikuwa anauunguza makusudi ili maji ya ukoko aliyowapa wageni wanywe yawe meusi, maana alisema mgeni mwenye huzuni hawezi kumeza chai tamu. Alikuwa anaogopa vyura. Mtu mzima, akimwona chura anapanda juu ya kitanda cha kufumia. Alikuwa mwongo wa mambo madogo madogo. Alimwambia kila mteja kwamba rangi aliyochagua ndiyo angeichagua yeye.

Nilipokuwa na miaka tisa alikuja mwanamke aliyefiwa na mtoto mtoni. Alitembea kutoka mbali, miguu yake ilikuwa matope matupu. Mama alimwuliza jina la mtoto, yule mwanamke akafungua mdomo, sauti haikutoka. Mama alileta maji ya moto akamwosha miguu, polepole, kidole kwa kidole. Mguu wa pili ulipoisha yule mwanamke akasema, "Anaitwa Solo." Nililia nyuma ya mlango, na sikuwa namjua Solo. Kila ninachokijua kuhusu kusikiliza nilikijua siku ile. Kazini wamenifundisha kutumia kompyuta tu.

Alitaka nibaki hapo nifume. Hakunilazimisha, ulinilazimisha wewe, na ndiyo maana niliondoka kwa maneno mabaya. Yeye alinisindikiza hadi kwenye basi akanifungia wali kwenye jani. Kila mwezi nilimtumia ujumbe kwa simu yako. Kwenda kumwona nilisema mwakani, mwakani.

Sasa lile ambalo sijamwambia hata Fidy. Jumanne ya wiki ile aliyofariki Mama, nilipotoka kazini nikafungua kabati, nikakuta umenipigia. Niliona namba yako, Mama Mkubwa. Nikajua unataka tugombane tena habari ya mimi kurudi. Sikukupigia. Jumatano sikukupigia. Nikasema nitapiga Jumapili moyo ukitulia, haukutulia. Jumatatu iliyofuata yule mchuuzi anayenunua hariri hapo kwenu akaja mlangoni kwangu kunipa pole, akidhani nimeshatoka kumzika mama yangu.

Ulikuwa unanitafuta kuniambia, mimi nikaitazama simu nikairudisha mfukoni. Siku nzima nilikuwa nimewapokelea simu watu nisiowajua. Najua wanavyonisema hapo kijijini, kwamba niliitwa nikakataa kuja. Wana haki. Ndiyo maana sirudi. Sikujua nitawatazama vipi.

Wasomee wote, na hili pia. Umesema lazima aliye karibu zaidi aseme. Nimesema. Mfumieni.

Haingo


Sandrandahy, 15 Septemba 2019

Mwanangu Haingo,

Sina salamu nzuri za kuanzia. Kaburi lilifunguliwa Alhamisi tarehe 22 mwezi wa nane kama alivyosema mpiga ramli. Watu walikuwa mia tatu. Tulichinja nguruwe wawili, tarumbeta zikapigwa, babu yako akabebwa mabegani akiwa na sanda mpya, na Rado alicheza mpaka akaanguka. Shangazi yetu pia alivikwa.

Mama yako nilimfunga kwa shuka jeupe la pamba nililonunua dukani. Mimi, mwenye karakana ya sanda. Wanawake wote wa hariri kutoka vijiji vya huku walisimama wakaniona nikilikunja lile shuka, na hakuna aliyeimba. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mwanawe hata neno hakuleta." Tukamrudisha ndani. Wakaziba mlango kwa udongo.

Barua yako ilifika tarehe 21 Julai. Naivo alinipa mkononi. Muda ulikuwepo.

Niliisoma peke yangu kwanza, kando ya kisima. Nilipomaliza nikairudisha kwenye bahasha, nikaingia ndani. Mbola akauliza, "Imekuja?" Nikasema, "Haijaja." Nikawaambia hivyo kila siku kwa mwezi mzima, nayo iko mfukoni mwa aproni yangu. Kuna siku nilidhamiria kusoma kurasa za mwanzo tu, niufiche ule wa mwisho. Tahiry aliniona nimekaa, hariri ya mama yako ikiwa mapajani. Akaja akakaa pembeni yangu bila kuuliza lolote. Mmemfundisha vizuri mno, wewe na mama yako. Nilimfukuza.

Sikiliza sasa. Ile simu ya Jumanne nilikupigia mimi, na nilitaka ugomvi, ulifikiri sawasawa. Wafumaji wawili walikuwa wameacha kazi, nilikuwa na hasira, nikataka kukuambia ni kwa sababu yako. Lanto Jumanne ile alikuwa mzima. Alikuwa uani anafua.

Alianguka Jumatano asubuhi. Saa nne alikuwa amekwisha, mikononi mwangu. Tulimzika Jumamosi. Kwa siku zile nne, Haingo, sikukupigia hata mara moja. Simu ilikuwa mfukoni, ina chaji na ina salio. Jumatano nilijiambia, alituacha, ajue kama wanavyojua wapita njia. Alhamisi hasira ilikuwa imepoa, nikaona nimechelewa siku moja, nitasema nini? Ijumaa nilikuwa nimechelewa mbili. Watu wakauliza, "Haingo yuko wapi?" Nikawajibu, "Nilimpigia, hakupokea." Nikawaonyesha kwenye simu, namba yako ipo. Hakuna aliyetazama siku niliyopiga.

Sikujua kama wewe pia uliiona ile simu na ukaamini hivyo. Miaka mitano nilidhani unanikasirikia, nikaridhika, maana nilistahili. Kumbe ulikuwa unajikasirikia wewe. Nilipofika kwenye ule ukurasa nilijua kwamba nikiusoma mbele ya watu nitapaswa kusimama na kusema, hapana, si hivyo. Nilishindwa kusimama. Nikaona heri mdogo wangu akae na shuka la dukani kuliko mimi nitazamwe na Mbola na Tahiry nikiwa mtu wa namna hiyo.

Ningeweza kukwambia ilipotea njiani. Naivo angekubali kulaumiwa, amezoea.

Hariri ipo. Kaburi litafunguliwa tena mwaka 2026, nitakuwa na miaka sabini na minane kama nitafika. Sikuombi kitu.

Ravololona


Antananarivo, 3 Novemba 2019

Mama Mkubwa,

Tuko wazima. Mirana amepona, amebaki na makovu mawili usoni.

Barua yako nimekaa nayo zaidi ya mwezi. Nimemwonyesha Fidy, akatoka nje, akaiosha teksi iliyokuwa safi. Sijakusamehe. Nakwambia usije ukadhani ukimya wangu ulikuwa msamaha. Kuna asubuhi naamka nimekuhurumia na ikifika saa sita nataka kukupiga. Umeniachia mzigo huu nikalea nao mtoto.

Nitafika Jumamosi tarehe 23 kwa basi la mchana, na Mirana. Usichinje chochote.

Jumapili utawaita Mbola na Tahiry na wote wanaofuma hapo. Barua yangu utaisoma kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, na yako utaisoma baada yake. Nitakuwa nimekaa mbele yako. Sitakukatiza wala sitakusaidia.

Ukimaliza, kuna jambo nataka kulijua ambalo mimi siwezi kuwaambia, na bila hilo hawawezi kutanda ile hariri. Sijui Jumatano ile Mama aliamka vipi. Sijui kama aliunguza wali, kama alikuogopa au alikucheka, alisema nini cha mwisho na alimwambia nani. Nimemweleza Lanto wa miaka ishirini nyuma. Niliyeondoka ni mimi. Wewe ulilala chumba kimoja naye miaka sitini, na ulikuwa umemshika alipokufa.

Kanuni inasema aliyekuwa karibu naye zaidi. Ni wewe, Mama Mkubwa. Tulikuwa tunamngoja mtu asiye yeye.

Haingo